Tangi la bahari kando ya Ziwa Kivu: uchambuzi wa kisa cha maji ya kuongezea

Usuli

Kisa hiki kilitokea katika nyumba ya wageni mjini Goma, mtaa usio mbali na ziwa. Jina la nyumba, la mama mwenye nyumba na la kijana aliyelitunza tangi yameondolewa, pamoja na alama za jengo. Vipimo vimeachwa kama vilivyoandikwa kwenye daftari lao.

Kwenye chumba cha kupokelea wageni palikuwa na tangi la kioo la maji ya bahari. Chini yake, ndani ya kabati, kulikuwa na tangi dogo lenye pampu na hita. Vyote viwili pamoja vilibeba karibu lita 220. Humo waliishi samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, samaki wengine watatu wadogo, kamba wawili, konokono kadhaa, matumbawe laini na vipande vitatu vya matumbawe magumu. Chumvi ya kutengenezea maji ililetwa kwa ndoo kutoka Nairobi. Bahari iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Goma, kwa hiyo kila tone la "bahari" ile lilikorogwa hapo hapo nyumbani, na maji ya kukorogea yalitoka mjini.

Goma iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Usiku ni wa baridi, wakati hita inaweka maji kwenye nyuzi 25. Maji yenye joto kuliko chumba, tena kiangazi ambapo hewa ni kavu, hupungua haraka: tangi hili lilipoteza kama lita mbili na nusu kwa siku. Maji yanapopaa, chumvi haipai nayo. Ni kama sufuria ya mchuzi iliyosahauliwa jikoni: mchuzi unapungua, chumvi ni ile ile, na mpishi anayejua kazi yake anaongeza maji, haongezi chumvi. Hilo watu wengi huambiwa siku ya kwanza. Kisa hiki kilianza kwa kulisahau, lakini madhara makubwa yalikuja baadaye, lilipokuwa limeshaeleweka.

Mambo yalivyokwenda

Miezi ya mwanzo walikuwa wakiongeza maji ya kunywa ya madumu ya lita 20, yale yanayowekwa kichwa chini juu ya mashine ya ofisini. Hapakuwa na shida yoyote, na hakuna aliyejiuliza kwa nini.

Kijana wa kwanza alipoondoka, aliyempokea alielezwa kazi kwa haraka: lisha samaki asubuhi na jioni, pangusa kioo, ongeza maji yakipungua, na kumbuka hili ni tangi la maji ya chumvi. Akakumbuka. Kila alipoongeza maji alikoroga chumvi kwanza, kwa kipimo kile kile cha maji mapya, gramu 35 kwa lita. Lita mbili na nusu za namna hiyo ni karibu gramu 90 za chumvi zinazoingia kila siku bila kutoka. Baada ya majuma mawili kamba wote wawili walikuwa wamekufa, konokono wamejifungia ndani ya makoa yao sakafuni, na samaki wanapumua kwa kasi.

Hapo ndipo mama mwenye nyumba aliponiita. Haidromita yao, yaani kifaa cha kupimia chumvi ya maji, ile ya plastiki yenye mshale, ilionyesha 1.026, karibu sawa na bahari. Rifraktomita, inayopima chumvi kwa mwanga unavyopinda majini, iliyosahihishwa kwa maji yenye kipimo kinachojulikana, ilionyesha 1.030. Mshale wa haidromita ulikuwa umeshikwa na ganda la chumvi kwenye mhimili wake. Ukisafisha kifaa hicho kwa siki, ukakisuuza na kukigonga kidogo viputo vitoke, kinasema ukweli zaidi, lakini nani hukumbuka kukisafisha?

Tulishusha chumvi kwa siku nne: tunatoa maji kidogo ya tangi, tunarudisha maji yasiyo na chumvi. Samaki huvumilia kushushiwa chumvi kwa haraka. Matumbawe na konokono hawavumilii, na hao ndio waliotulazimisha kwenda polepole. Kwenye daftari tuliandika kwamba kuanzia siku hiyo maji ya kuongezea yawe ya madumu ya kunywa, bila chumvi.

Madumu yana bei yake, na kiangazi tangi lilimaliza dumu zima kila siku nane. Kijana akatoa hoja ambayo mtu yeyote wa Goma angeitoa: "Mama, maji ya ziwa sisi wote tunakunywaka, samaki zitakufa namna gani?" Mama akaona hoja ina mantiki. Maji ya ziwa hayana ladha ya chumvi, yanaonekana safi, na bidoni moja ya njano ya lita 20 inaletwa hadi mlangoni kwa bei isiyo na uzito mbele ya ile ya dumu. Wakahamia huko. Mshale ukabaki kati ya 1.025 na 1.026 wiki baada ya wiki, na kila mtu akatulia.

Asubuhi moja samaki wote walikuwa juu ya maji, midomo wazi, wakihema. Bidoni iliyomiminwa usiku ule ilikuwa bado na tone chini. Ukiinusa, javel tupu, dawa ya klorini. Kando ya ziwa, kwenye sehemu za kuchotea, wapo wahudumu wanaotia klorini katika kila bidoni kwa bomba la sindano, ili kuzuia kipindupindu. Kazi hiyo inaokoa watu. Lakini klorini iliyotiwa dakika chache kabla, ikamiminwa moja kwa moja tangini, inaunguza matamvua ya samaki. Tulitia thaiosalfeti ya sodiamu, inayoiondoa klorini papo hapo, tukaongeza hewa kwa pampu. Kufikia mchana samaki walikuwa wamerudi chini. Kanuni mpya ikaandikwa: maji yakifika, yalale usiku mzima kwenye ndoo iliyo wazi yakipulizwa hewa kabla ya kutumika.

Tukio hilo liliwapa nyumba nzima mshtakiwa. Tangu siku ile kila dosari ya tangi ilisemwa ni klorini.

Lakini kama wiki sita baada ya kuhamia maji ya ziwa, ncha za matumbawe magumu zilianza kuwa nyeupe, nyama ikibanduka na mifupa kuonekana. Matumbawe laini yakajikunja na hayakufunguka tena vizuri. Hita ikavaa ganda jeupe gumu ambalo kucha haikuweza kulikwangua, na pampu ikaanza kunguruma. Nilipofungua pampu nilikuta sumaku inayozunguka imezibwa na ganda lile lile. Nililimiminia siki, likachemka viputo: kabonati ya kalsiamu, chokaa.

Tulipima mambo mawili ambayo hayakuwa yamepimwa hata mara moja tangu nihusishwe. KH, yaani kiasi cha bikabonati na kabonati ndani ya maji, ilikuwa digrii 17. Tangi kama hili linapendeza likiwa kati ya 7 na 10, na chumvi yao inatoa 8. Kalsiamu ilikuwa miligramu 360 kwa lita, ilhali chumvi yao inatoa 420.

Kilichokuwa ndani ya maji ya ziwa

Ziwa Kivu ni ziwa la pekee. Lilizaliwa baada ya volkano za Virunga kuziba njia ya maji yaliyokuwa yakielekea kaskazini, na chemchemi za chini zinazopita kwenye miamba ya volkano zinalilisha madini. Maji ya juu yana pH ya karibu 9, yana magnesiamu na potasiamu nyingi, kalsiamu kidogo sana, na bikabonati kwa wingi: kama milliekwivalenti 13 kwa lita (kipimo cha wakemia, moja ni digrii 2.8 za KH), ambazo kwa lugha ya wafugaji wa samaki ni KH ya digrii 36. Maji ya bahari yenyewe yana digrii 6 au 7. Kwa maneno mengine, maji "matamu" ya Kivu yana bikabonati mara tano ya bahari.

Hesabu ya nyumba ile inakwenda hivi. Wiki sita za lita mbili na nusu kwa siku ni lita 105. Zidisha kwa 13, gawa kwa lita 220 za tangi: milliekwivalenti 6.2 kwa lita, sawa na digrii 17 za KH zilizoongezwa juu ya zile 8. Tangi lilipaswa kufika 25. Lilifika 17 kwa sababu zilizobaki zilishikana na kalsiamu zikawa chokaa juu ya hita, ndani ya pampu na mchangani. Kila digrii 2.8 zinazogeuka chokaa huchukua miligramu 20 za kalsiamu, na kalsiamu iliyopotea, miligramu 60, inalingana na digrii nane zilizotoweka. Hesabu ikifunga namna hiyo huhitaji kutafuta mchawi mwingine.

Chumvi yote iliyoletwa na lita 105 za Kivu ilikuwa gramu 100 na kitu, kama nusu gramu kwa kila lita ya tangi. Mshale wa haidromita hauwezi kuionyesha. Kifaa pekee walichokitazama kila siku kiliwaambia kila siku kwamba mambo ni shwari, na kwa upande wa chumvi kilisema kweli.

Maji yaliyofikiriwa

Mvua ilitajwa kwanza, maana ni ya bure. Ilikuwa kiangazi na matone yalikuwa ya kuhesabu, lakini hata masika nisingeishauri kwa nyumba ile. Paa ni la mabati yaliyopakwa zinki. Moshi wa volkano ya Nyiragongo unaifanya mvua ya upande huu kuwa na asidi, na maji yenye asidi huing'oa zinki kwenye bati. Samaki huvumilia zinki kidogo. Kamba, konokono na matumbawe hawaiwezi. Watu wa Goma huulizia floridi, kwa kuwa vijiji vya miteremkoni vinajulikana kwa meno yenye madoa. Kwa tangi la bahari floridi si hoja kubwa, bahari yenyewe ina zaidi kidogo ya miligramu moja kwa lita. Ningeogopa bati kabla ya volkano.

Kuchemsha kulipendekezwa na jirani. Kunaua vijidudu na kufukuza klorini, basi. Madini yanabaki sufuriani, tena katika maji machache kuliko ya mwanzo.

Maji ya betri yanayouzwa kwenye magereji yanaweza kufaa yakiwa kweli yamekenekwa au kuondolewa madini. Shida ni kwamba rafu ile ile ina chupa za asidi ya betri, na chupa hujazwa tena na tena. Chupa mbili tulizonunua zilipimwa kwa kalamu ya kupimia madini: moja ilionyesha miligramu 2 kwa lita, nyingine 140. Chanzo kisichoaminika kiasi hicho hakiwezi kuwa cha kila siku.

Maji ya madumu yalikuwa yamefanya kazi vizuri, na sababu ilikuwa imeandikwa kwenye kibandiko muda wote, kwa Kifaransa: *résidu sec*, yaani mabaki makavu yanayosalia maji yakikaushwa, kwa miligramu kwa lita. Ya kwao yalikuwa madogo. Anayenunua maji ya chupa kwa ajili ya tangi asome mstari huo na aache neno *pure* lililochapwa kwa herufi kubwa. Tatizo lilikuwa bei, pamoja na kwamba maji ya kubadilishia nayo yangehitaji madumu.

Ikabaki mashine ya osmosi: kichujio cha matope, kichujio cha mkaa kinachoondoa klorini, utando ambao maji husukumwa kupita na kuacha madini nyuma, na mwisho kopo la resini linalonasa yaliyoponyoka.

Uamuzi na sababu zake

Mashine ilinunuliwa. Ilipofungwa kwenye bomba linaloshuka kutoka pipa la juu ya paa ilitoa matone ya kuhesabu. Pipa liko mita nane juu. Kila mita kumi za kimo hutoa bar moja tu ya mgandamizo, na utando unataka bar tatu na nusu au nne. Ikabidi kuongeza pampu ndogo ya kusukuma. Kwa Goma, hiyo pampu si anasa, ni sehemu ya mashine, na bei yake ihesabiwe tangu mwanzo.

Kalamu ilionyesha karibu 600 kwa maji ya kuingia, 22 baada ya utando, na 0 baada ya resini. Kwa kila lita moja safi zilitoka lita tatu au nne zilizokataliwa na utando. Mama hakufurahia kuona maji yaliyolipiwa yakimwagika, na ni haki yake katika mji ambao watu wanabeba bidoni vichwani. Maji hayo yakaelekezwa kwenye pipa la kudekia na la vyoo. Bustanini hayakupelekwa, kwa kuwa yamebeba bikabonati iliyokolea kuliko ya ziwani.

Kuhusu kifaa kinachoongeza maji chenyewe bila mtu, tuliamua kutokitumia. Umeme ukikatika pampu husimama, maji ya juu hushuka, na tangi la chini huonekana limejaa. Ukirudi, kina kinashuka ghafla. Kijana alibandika utepe kwenye kioo cha tangi la chini na kuandika juu yake kwa kalamu ya wino: *pampu iwe inazunguka*. Anatazama alama asubuhi, anaongeza polepole mpaka ifike, anaandika lita. Chombo cha maji safi ni cha lita 25 tu, kwa makusudi: hata mtu akikimimina chote kwa bahati mbaya, chumvi itashuka kwa kama sehemu moja ya kumi, na tangi halitakufa.

KH iliyopanda haikushushwa kwa asidi, ingawa inawezekana. Tulibadilisha sehemu moja ya tano ya maji kila wiki kwa maji mapya yaliyokorogwa na maji ya osmosi. Kalsiamu hatukuigusa mpaka KH iwe chini ya 11. Kutia kalsiamu kwenye maji yaliyojaa bikabonati ni kutengeneza chokaa zaidi.

Matokeo

Baada ya kubadilisha maji mara nne KH ilikuwa digrii 11, na kalsiamu imepanda yenyewe hadi 395 kutokana na chumvi mpya. Vipande viwili vya matumbawe magumu vilikufa. Cha tatu kilipona upande mmoja na nyama mpya inatambaa juu ya mfupa uliokufa. Matumbawe laini yalifunguka. Samaki hawakupotea hata mmoja, na hilo liliwadanganya tangu mwanzo: wageni walikuwa wakiona samaki wanaogelea, wakisifu tangi.

Uchambuzi

Uamuzi wa kushusha chumvi polepole ulikuwa sahihi, na daftari ndilo lililowezesha yote. Bila lita zilizoandikwa kila siku tusingejua lita 105, na bila hiyo namba chokaa kwenye hita ingebaki "uchafu".

Kilichokosewa hakikuwa ujinga wa kijana. Aliambiwa kweli nusu, na akaifuata kwa uaminifu. Uamuzi wa mama wa kutumia maji ya ziwa nao ulikuwa na akili kwa mtu ambaye kipimo chake pekee ni mshale wa chumvi. Kosa lipo kwenye swali walilouliza. Waliuliza kama maji ni salama, na maji ya kunywa ni salama. Maji ya kuongezea huulizwa swali jingine: yanaleta nini ambacho hakitatoka? Mtu hunywa na kutoa. Tangi linapoteza maji matupu tu. Kila kilichokuja nayo kinabaki na kurundikana, hata kiwe kidogo namna gani.

Klorini iliharibu zaidi kwa kuwa kisingizio kuliko kwa kuwa sumu. Ilikuwa kosa la kweli, likatibiwa kwa kweli, na kwa sababu hiyo hakuna aliyetafuta zaidi. Sumu inayoua asubuhi moja na madini yanayorundikana wiki sita hazina dalili moja: ya kwanza huwagusa samaki kwanza, ya pili huanza na matumbawe na hita. Angalia nani ameumwa kabla ya kuchagua mshtakiwa.

Kalamu ya madini nayo ina upofu wake. Haioni klorini, na haisemi 140 ni ya kitu gani. Ikisoma 0 baada ya resini unaweza kuiamini kwa madini. Klorini ipimwe kwa vifaa vya bwawa la kuogelea, baada ya kichujio cha mkaa.

Wasomaji wa Bukavu wasidhani maji yao ya bomba ni yale yale kwa kuwa ziwa ni moja: bomba la mji kwa sehemu kubwa limekuwa likilishwa na mto Murhundu. Wapime KH ya bomba lao kabla ya kuazima hesabu hii. Lubumbashi hali ni nyingine kabisa. Chini kuna miamba ya dolomiti na madini ya shaba, kwa hiyo maji ya kisima yapimwe ugumu na shaba, hasa shaba: kiasi ambacho samaki hawakioni kinatosha kumaliza kamba na konokono. Kwa miji yote mitatu, anayeanza leo bila mashine anunue madumu yenye *résidu sec* ndogo, apime KH mara moja kwa wiki, na mwenye mashine abadilishe resini kalamu ikianza kusoma zaidi ya 1 au 2.